Dereva Aliyewasubiri Ng'ombe

Sitasema alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Kwanza sijui, na yeye mwenyewe akiulizwa alikuwa anajibu, “Nimetokea getini,” kisha anabadilisha mazungumzo. Karatu ina madereva wa watalii karibu kila nyumba, lakini mtaani kwetu ukisema Dereva, bila jina, kila mtu anajua ni nani. Ni yule mzee mrefu aliyestaafu, mwenye koti la kaki la mifuko minne, aliyekuwa akiosha kila Jumamosi gari ambalo haliendi.

Namwandika kwa sababu niliambiwa nimfute.

Nilikuwa nimemaliza chuo Dodoma, nimekaa nyumbani miezi mingi kuliko ninavyopenda kukiri, ndipo nikapata kazi ya majaribio. Kampuni moja ndogo ya Arusha ilikuwa inatengeneza gemu ya mbio za magari, na barabara zenyewe zilikuwa za kwetu: unaanzia Karatu mjini, unapanda msituni mpaka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, unashuka hadi chini, kisha unatokea kwenye nyanda za kaskazini kuelekea Piyaya. Kazi yangu ilikuwa kukusanya maoni ya wachezaji kabla gemu haijatoka. Ripoti ikipendeza, naajiriwa. Isipopendeza, narudi kuuza sabuni na misumari dukani kwa shangazi. Wakaniletea skrini kubwa, kiti, usukani na pedeli, tukavifunga kwenye chumba kilichokuwa stoo pembeni ya duka. Vijana wakaja. Waliipenda. Maoni yao niliyaandika yote: “Gari linapaa, noma sana.” “Muziki mkali.” “Ongezeni magari.”

Siku ya tatu akaja Dereva.

Hakukaa moja kwa moja. Alizunguka kile kiti kwanza, akainama kutazama chini yake, kama anayetafuta mafuta yanayovuja. Akakisogeza mbele, akakirudisha nyuma. Alipokaa, mkono wake ulikwenda begani kutafuta mkanda, ukakosa, ukarudi taratibu kwenye usukani kama vile haukwenda popote. Halafu akageuza shingo na kutuambia sisi tuliokuwa nyuma yake, “Wote mko sawa? Kaeni vizuri, njia ina mashimo.”

Kulikuwa na kijana mmoja wa bodaboda, ndiye aliyekuwa bingwa wa gemu ile mtaani, akacheka mpaka akashika ukuta. “Mzee, hapo upo peke yako!”

“Sijawahi kuendesha peke yangu,” alisema Dereva, akaondoka na gia ya kwanza.

Magari mengine yote yalikuwa yameshapotea. Yeye alipanda msitu kwa mwendo wa mtu anayeonyesha watu miti. Alishuka kreta taratibu kabisa. Kwenye nyanda, mahali ambapo kundi la ng'ombe hukatiza barabara, akasimama. Akanyoosha mkono kuzima injini, akagundua hakuna ufunguo, akauweka pajani.

Nieleze hapo. Wale ng'ombe waliwekwa ili wagongwe. Ukiwagonga wanaruka juu kama mipira, gari linaongezeka kasi, na pointi zinapanda kwa mlio wa kengele. Hakuna aliyewahi kusimama, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuona kwamba kundi lile halimaliziki. Mtengenezaji aliwapanga wapite milele, wakitoka kulia na kupotelea kushoto.

“Piga gesi, mzee!” bodaboda alipiga kelele. “Hao ni katuni!”

“Katuni za nani?”

“Za gemu!”

“Nauliza mwenye nazo. Ng'ombe wote hawa, mchungaji yuko wapi?” Akanitazama mimi. “Wewe msomi, mchungaji wao yuko wapi?”

Nilisema nitauliza Arusha. Nikaandika kwenye daftari: mchungaji, kuuliza.

Tulisubiri. Saa ya gemu ilikuwa inahesabu kurudi nyuma kwa tarakimu nyekundu. Dereva alikuwa ameegemea, midomo ikichezacheza. Nilidhani anasali. Kumbe anahesabu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, “Huyu mwekundu mwenye doa begani kapita mara ya nne.”

Skrini ikaandika MUDA UMEKWISHA. Bodaboda akapiga makofi. Dereva alinyanyuka, akapangusa kiti kwa kiganja, akanipa maoni yake ya kwanza, nami nikayaandika neno kwa neno: “Ng'ombe ni watatu tu. Mwekundu, mweusi na yule wa kijivu aliyevunjika pembe. Mnawazungusha. Mnadhani hatuwatazami.”

Jioni ile niliwapigia simu Arusha. Ni kweli, walikuwa wamechora watatu tu. Fundi wa michoro alishangaa; alisema hata meneja wake hajawahi kugundua.

Dereva alirudi kesho yake saa tisa, na keshokutwa saa tisa, na kila siku isipokuwa Jumapili. Mara nyingine nilimkuta amefika kabla sijafungua, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akilalamika kwamba gemu ni mbovu na kwamba nimechelewa.

Maoni yake yalijaza daftari. Kuhusu breki alisema hivi: “Nimekanyaga breki kutoka juu ya kreta mpaka chini na sijasikia harufu yoyote. Breki gani haiungui? Mtoto atakayejifunzia hapa siku moja atashuka na watu wa kweli.” Kuhusu vumbi alisema halina uzito, vumbi letu likiingia kwenye mkunjo wa shati linakaa mpaka Pasaka, lakini la kwenye skrini lilikuwa linayeyuka kama mvuke wa chai. Kuhusu tembo aliyesimama msituni kama bango alisema tu, “Huyo ana kiu,” na hakutaka kufafanua.

Lililomkera zaidi lilikuwa salamu. Madereva wa huku wakikutana porini husimama dirisha kwa dirisha, hata kama wageni wananuna. Wanaulizana hali ya mbele: daraja lipo, simba wako wapi, nani amekwama kwenye tope anahitaji kuvutwa. Kwenye gemu, magari yalikuwa yanapishana kwa kusukumana mabega. Dereva alijaribu kuwasimamisha. Alipunguza mwendo, akawasha taa mara mbili. Walimpita wote, wa mwisho akamtupa mtaroni.

“Unaona?” alisema, gari lake likiwa limelala ubavu. “Barabara ambayo hakuna anayemjua mwenzake. Sasa ukikwama?”

“Ukikwama unabonyeza hapa,” nilimwambia, “gari linarudi barabarani lenyewe.”

Alikitazama kile kitufe. “Basi ndiyo maana hawasalimiani.”

Siku nyingine aligeuza gari katikati ya mashindano na kuanza kurudi alikotoka. Skrini ikamulika maandishi mekundu: UMEPOTEA NJIA. UMEPOTEA NJIA. Akaijibu kama anavyomjibu askari aliyemkosea heshima: “Sijapotea. Kofia ya mgeni imepeperuka pale kwenye kona.” Watu tulikufa kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alikwenda mpaka kwenye ile kona, akasimama, akatazama majani ya pembeni, akaridhika.

Nisimfanye mtakatifu. Alikuwa na maneno makali. Shahada yangu aliiita “ile karatasi yako.” Aliwadharau madereva vijana, wote bila ubaguzi, hata wale waliomletea sukari. Alikataa kuvaa miwani ingawa alikuwa anasogelea skrini mpaka pua inakaribia kugusa kioo, na ukimgusia habari hiyo ananuna siku mbili. Aliilaani saa ya gemu, akasema aliyeitia pale ni mtu asiye na adabu, wakati mtaa mzima ulikuwa unajua sifa yake ya zamani: kwa miaka yote ya kazi yake hakuwahi kukuta geti limefungwa. Geti la hifadhi linafungwa saa kumi na mbili jioni, na wenzake walisimulia jinsi Dereva alivyokuwa anatokea dakika ya mwisho, taa zimewaka, wageni wamekaa kimya kama walio kanisani. Ile ilikuwa fahari yake. Au nilidhani hivyo.

Na alinisema mimi. Mimi ni mtu wa kuwaza. Naweza kuandika ujumbe wa simu wa maneno sita kwa nusu saa, nikaufuta, kisha nikaanza kuhofia kwamba aliyeutarajia ameona nilikuwa naandika. Kwenye daftari la maoni nilichora safu tatu: mazuri, mabaya, na “sina hakika.” Dereva alilichukua siku moja, akaliweka karibu na macho, akalipekua.

“Hii safu ya tatu mbona ndefu?”

“Ni mambo ambayo yana pande mbili, babu.”

“Lipi? Nisomee moja.”

Nikasoma: “Ng'ombe kugongwa. Wachezaji wanafurahia, lakini huenda jamii ya wafugaji ikahisi vibaya.”

“Huenda,” alisema. “Ikahisi.” Alilirudisha daftari kwa vidole viwili kama kitu chenye mafuta. “Umeuchorea uoga wako mistari kwa rula.”

Nilikasirika. Nililia kidogo pia, lakini nyuma ya magunia ya saruji, ambako hakuna aliyeniona.

Wiki iliyofuata nilimfumania. Nilikuwa nimemwachia ufunguo nikaenda benki, nikarudi mapema kuliko nilivyosema. Kabla sijafika mlangoni nilisikia injini ya gemu ikilia kwa sauti ambayo hata bodaboda hajawahi kuitoa. Nikachungulia. Dereva alikuwa amekandamiza pedeli ya mafuta mpaka chini. Koti limetupwa chini. Aliruka korongo, akakata kona ya kreta kwa tairi mbili, akapita gari la kwanza, la pili, yote, na alikuwa anacheka, anacheka kwa sauti nyembamba ambayo sikuijua, kama mtoto anayerushwa juu. Akaingia kwenye nyanda akiwa wa kwanza.

Mbele, ng'ombe.

Alikanyaga breki mpaka kiti kikasogea sakafuni. Gari likazunguka, likasimama. Magari yote aliyoyapita yakampita, yakiwarusha ng'ombe angani, kengele zikilia. Yeye alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili, anapumua.

Akaniona. “Nilikuwa napima,” alisema.

“Ungeshinda, babu.”

“Ndiyo.”

Nikakaa kwenye ndoo yake. Sikuuliza kitu, na kwa mtu kama mimi kutouliza ni kazi ngumu. Ndipo akanisimulia, macho yakiwa bado kwenye skrini.

Alikuwa anatokea Piyaya na wageni wanne, na geti lilikuwa linamsubiri saa kumi na mbili. Kundi lilikuwa linavuka. Karibu lote limekwisha kupita, wamebaki watatu nyuma. “Nikasema hawa watatu watanipisha. Wawili walinipisha.” Mgeni mmoja aliuliza kama wamegonga kitu. Alimwambia ni jiwe. Kioo cha nyuma kilikuwa kimejaa vumbi, na alilishukuru vumbi. Alifika getini dakika tano kabla, na askari wakampigia saluti kwa utani kama kawaida.

Zilipita wiki mbili ndipo akarudi kule. Alimkuta mwenye kundi, mzee wa Kimaasai, akamwambia yeye ndiye aliyemuua ng'ombe wake. Yule mzee hakufoka. Aliuliza, “Ng'ombe gani?”

“Nikasema, ng'ombe. Aliyegongwa pale. Akaniambia hapa kwetu hakuna kitu kinachoitwa ng'ombe tu. Wa rangi gani? Pembe zikoje? Anatembea nyuma ya nani? Sikujua, mwanangu. Nilimuua nisiyemtazama.” Aliweka mkono kwenye skrini, juu ya yule mwekundu aliyekuwa anapita tena. “Nililipa. Kulipa kulikuwa rahisi. Lakini kwanza alinikalisha pale bomani mpaka jioni, kundi likarudi. Wakaingia mmoja mmoja mbele yangu, akawa ananitajia kila mmoja, huyu fulani, huyu mtoto wa fulani. Halafu akafika mahali akanyamaza. Akanionyesha pengo kati ya wawili. Akasema, hapa.”

MUDA UMEKWISHA, ikasema skrini.

“Gemu yenu,” alisema akiokota koti lake, “inanisamehe upesi mno. Nikigonga inanipigia muziki.”

Ripoti niliituma miezi mitatu ya majaribio ilipokwisha. Kurasa ishirini na mbili, na tisa kati ya hizo zilikuwa maneno ya Dereva. Meneja alinipigia siku hiyohiyo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonisumbua.

“Dada, umefanya kazi nzuri sana. Tunakutaka. Ila huyo mzee mtoe.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu huyo hataki gemu ya mbio, anataka gemu ya kuegesha gari. Mtu katoka kazini, kachoka, anataka apae kidogo, agonge vitu, acheke. Kuna ubaya? Hakuna ng'ombe aliyekufa.”

Nilifikiri. Alikuwa na haki. Nilifikiri tena, na bado alikuwa na haki. Hata Dereva alipaa akacheka, nililiona kwa macho yangu. Kwa siku tatu niliandika ripoti mpya. Ya kwanza ilimtoa kabisa. Ya pili ilimwacha kwenye aya moja, nikimwita “mchezaji mwenye umri mkubwa.” Ya tatu ilimweka kwenye safu ya sina hakika. Siku ya nne nilimpelekea Dereva zote tatu nyumbani kwake, nikamkuta anaosha lile gari lisiloenda, nikamwomba achague.

Hakuzigusa. Mikono ilikuwa na sabuni. “Wanataka unitoe?”

“Ndiyo.”

“Nitoe.”

“Babu!”

“Mimi najua nilichosema, sihitaji kukisoma. Usiniandike kwa kunihurumia.” Akakamua kitambaa. “Ila nikuulize. Miezi mitatu umekaa mle ndani unatazama. Wewe umeona nini?”

Nilifungua mdomo kusema inategemea. Alikuwa ameshageuka, anasugua tairi.

Nilirudi stoo, nikawasha ile gemu, nikakaa kwenye kile kiti. Katika miezi mitatu nilikuwa sijaicheza hata mara moja. Nilijiambia mtafiti hachezi. Nilipofika kwenye nyanda nilisimama. Nikawatazama wakipita, mwekundu, mweusi, wa kijivu, mwekundu. Pembeni ya barabara hakukuwa na mtu yeyote. Wameichora Ngorongoro nzima, mpaka mawingu yanavyokaa asubuhi kwenye ukingo, na hawakumchora mtu hata mmoja anayeishi humo. Hilo halikuwa na pande mbili. Nimelizungusha mara nyingi tangu siku ile, na bado lina upande mmoja.

Nikaandika ukurasa mmoja, nikauweka mbele ya zile ishirini na mbili: “Gemu hii ni tamu na muziki wake ni mzuri. Ina ng'ombe watatu na haina mwenye ng'ombe. Mmemtoa mchungaji ili kugonga kuwe rahisi. Haya ni maoni yangu mimi niliyeajiriwa kuyakusanya. Mzee simtoi.” Nikafuta safu ya tatu yote. Nikabonyeza tuma kabla ya kuisoma tena, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani.

Walikuja kuchukua vifaa vyao wiki ileile. Dereva alisaidia kupakia. Alimfokea kijana wa kampuni kwa kufunga kamba vibaya, akaifunga upya, akamwambia tairi la nyuma kushoto linahitaji upepo. Gari lilipoondoka alilipungia mkono kana kwamba limebeba wageni wake. Mimi nikarudi kwenye sabuni na misumari. Shangazi alinipa tu funguo za duka. Meneja hakunijibu, na sikumwandikia tena kuomba radhi, ingawa barua ya radhi niliitunga kichwani mara nyingi, kwa ufasaha mkubwa.

Gemu ilitoka. Iko kwenye simu za watu sasa. Chini yake wachezaji wameandika maoni mengi, karibu yote ya kusifu. La kwangu liko huko pia, kwa jina langu kamili, na waliolijibu wananiambia nikalime.

Mwaka huu, baada ya mahindi kuvunwa, nilikwenda kumwona Dereva kule Endabash, kwa binti yake, ambako alihamia macho yalipokataa kabisa. Bodaboda yule yule ndiye aliyenipeleka, na njia nzima alinisimulia rekodi zake. Tulimkuta Dereva amekaa kwenye kiti cha mbao uani, koti lile lile, kifungo cha juu kimefungwa. Alinitambua kwa hatua.

“Msomi. Bado unawaza?”

“Bado, babu.”

“Chai yako itapoa. Kunywa.”

Bodaboda akaropoka, “Mzee, ile gemu imetoka! Ninayo hapa!”

Nilimkazia macho, lakini Dereva alikuwa ameshanyoosha mkono. Akaishika simu, akaigeuza, akapapasa pembe zake, akanipa mimi. “Endesha wewe. Mimi nitakaa nyuma na wageni.”

Nikaendesha. Nilimwambia tunapanda msitu. Akaniuliza kama tembo yupo. Nikasema yupo, hajapewa maji. Nilimwambia tunashuka, akasema gia mbili, nikasema hakuna gia kwenye simu, akasema gia mbili hivyohivyo. Bodaboda alikuwa ananihimiza sikioni, “Dada kanyaga, uko wa tano, bado unawapata!” Tukatokea kwenye nyanda.

Sikuwaza. Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye breki.

“Umesimama,” alisema Dereva.

“Nimesimama.”

“Wamemweka mchungaji?”

Nilitazama pande zote mbili za barabara, vizuri, ili nisimdanganye. “Hapana. Hawajamweka.”

Akatikisa kichwa, akaegemea kiti chake. Tarakimu nyekundu zilikuwa zinashuka. Bodaboda alinyamaza, nadhani kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

“Nani anapita?”

“Mweusi. Sasa wa kijivu, aliyevunjika pembe.”

“Na sasa?”

“Mwekundu. Mwenye doa begani.”

“Tena?”

“Tena, babu.”

“Mwache apite,” alisema.